Ujira wa Watu Wanne

Katika Dar es Salaam, wilaya za Kinondoni na Temeke zina watu wa kazi nyingi, wala ujira wao si mmoja. Amri ya serikali iliyoanza tarehe 1 Januari 2023 iliweka kima cha chini cha mshahara kwa watu wasioajiriwa na serikali. Amri hiyo haikuuliza mtu akaa Kinondoni au Temeke, au mbali kama Kigoma. Iliuliza afanya kazi gani. Mtumishi wa nyumbani alalaye kwa bwana wake, mtu wa kawaida, aliwekewa shilingi 60,000 kwa mwezi. Yule arudiye kwake jioni, 120,000. Mfanyakazi wa kiwandani, kama vile huko Chang'ombe, aliwekewa 150,000. Na wa benki 592,000.

Sasa jumlisha: ni 922,000. Gawanya kwa wanne, wastani wake ni 230,500. Hesabu ni sahihi, lakini tazama: hapana hata mmoja aliyewekewa fedha hiyo! Watatu wako chini yake, na mmoja amewapandisha wenzake katika karatasi tu.

Tena wale watumishi wawili wasipimwe kwa haraka. Msichana wa 60,000 halipi kodi ya chumba wala nauli, na chakula hula papo hapo. Mwenziwe wa 120,000 hana budi kununua vyote. Walakini jioni ikifika, huyo hufunga mlango wake akapumzika. Yule mwingine huitwa hata usiku wa manane, mtoto akilia.