Kava la simu haliongezi mtandao

Kwenye maduka ya Kariakoo jijini Dar es Salaam na Barabara ya Luthuli jijini Nairobi, kava la simu ni biashara ya uhakika. Simu hununuliwa mara moja ikakaa miaka; kava hubadilishwa kila likipauka, likichanika au mwenyewe akilichoka. Mtaji wake ni mdogo na mzigo wake hauozi. Taabu ya muuzaji ni moja: kava la silikoni la duka lake halina tofauti kubwa na la duka la jirani. Ndiyo maana sifa huongezwa: linapoza simu, linazuia mionzi, linaongeza mtandao. Sifa ya mwisho ndiyo inayomgusa mnunuzi, kwa kuwa siku hizi mtandao ukisumbua na riziki inasumbuka.

Anayetoa hela kwa sababu hiyo anastahili jibu la wazi. Kava halizalishi mawimbi. La plastiki, silikoni au ngozi hupitisha mawimbi ya redio karibu yote, halisaidii wala halidhuru. La chuma hudhuru. Na lipo tukio moja maarufu ambapo kava liliponya kweli. Mwenye kulielewa hatadanganywa dukani.

Kava lililofanya kazi

Juni 2010 Apple iliingiza sokoni iPhone 4. Simu hiyo ilizungushiwa ukanda wa chuma cha pua ambao ndio uliokuwa antena. Ukanda ulikatwa kwa mianya myembamba, na mmoja ulikaa upande wa kushoto karibu na chini, pale pale kinapogusa kiganja cha anayeshika simu kwa mkono wa kushoto. Ngozi ya mtu hupitisha umeme. Ilipoziba mwanya huo, vipande viwili vya ukanda viliungana, antena ikatoka kwenye masafa yake na simu zikaanza kukatika.

Tovuti ya AnandTech ilipima. Simu ikishikwa kawaida bila kava, nguvu ya mawimbi ilishuka karibu desibeli 20. Ikishikwa vivyo hivyo ndani ya kava, ilishuka karibu desibeli 7. Kwa asiyezoea kipimo hiki, kushuka kwa desibeli 10 ni kubakiwa na sehemu moja ya kumi ya nguvu. Kushuka kwa desibeli 20 ni kubakiwa na sehemu moja ya mia. Desibeli 7 humwachia mtu takriban moja ya tano.

Julai 12 jarida la Consumer Reports lilitangaza kwamba haliwezi kuipendekeza simu hiyo, likaonyesha kuwa hata kipande cha utepe wa gundi juu ya mwanya kilipunguza tatizo. Siku nne baadaye mkuu wa Apple, Steve Jobs, aliitisha mkutano na waandishi wa habari na kuahidi kava la bure kwa kila mnunuzi, wakati lile la kampuni yenyewe, la kuzunguka ukingo tu, lilikuwa likiuzwa dola 29. Mwaka 2012 kesi ya wateja nchini Marekani iliisha kwa makubaliano: dola 15 au kava. Kabla ya hapo, toleo la iPhone 4S la mwaka 2011 lilikuwa limeshatoka likiwa na uwezo wa kuhama kati ya antena mbili.

Kava lile halikuongeza hata chembe ya mawimbi. Liliutenga mkono na chuma, basi. Lilitibu kasoro ya simu moja, na kasoro hiyo ilipoondolewa kiwandani, dawa yake ikakosa kazi. Muuzaji wa leo anayetaja iPhone 4 kama ushahidi wa bidhaa yake anataja ugonjwa ambao simu ya mteja wake haina.

Usiamini vijiti

Sakata hilo lilifichua jambo la pili. Apple yenyewe ilikiri Julai mwaka huo kwamba hesabu yake ya kuonyesha vijiti vya mtandao ilikuwa na makosa, na mara nyingi ilionyesha vijiti viwili zaidi ya stahiki. Hakuna kanuni moja inayowabana watengenezaji kuhusu kijiti kimoja kiwe na nguvu kiasi gani. Simu mbili za laini ya kampuni ileile, juu ya meza ileile, zinaweza kuonyesha vijiti tofauti na zote zikapiga vizuri.

Kipimo cha kweli kiko ndani ya simu. Kwenye simu nyingi za Android hupatikana katika mipangilio, sehemu inayoeleza kuhusu simu na hali ya laini. Kwenye iPhone, piga *3001#12345#*. Utaona namba yenye alama ya kutoa. Kwa 4G, -85 ni mtandao mzuri. -115 ni wa shida. Weka simu mezani, soma namba ikiwa na kava, kisha bila kava, mara kadhaa, ikiwa kwenye 4G muda wote. Namba hupanda na kushuka yenyewe, hivyo tofauti ya desibeli mbili tatu si hoja. Ikidumu zaidi ya hapo, tazama kava.

Mara nyingi mhalifu ni chuma: pambo la bati mgongoni, kishikio cha pete, au kile kibati chembamba kinachobandikwa ndani ya kava ili simu inase kwenye sumaku ya gari. Antena za simu nyingi hukaa kwenye kingo za juu na chini. Kibati kikisogea hadi hapo, kinakaa katikati ya antena na mnara. Fundi mzoefu humvua mteja kava kabla hajashika bisibisi, na wakati mwingine matengenezo huishia hapo, bila gharama.

Vibandiko na ahadi mbili

Miaka ya mwanzo ya 2000 viliuzwa vibandiko vya rangi ya dhahabu vya kuweka chini ya betri, vikidaiwa kuwa antena ya ziada. Vingine vilidaiwa kuzuia mionzi. Mwaka 2002 Tume ya Shirikisho ya Biashara ya Marekani ilizishtaki kampuni mbili kwa madai hayo ya mionzi yasiyo na msingi. Mizigo ya aina hiyo ingali inazunguka, na safari hii madai yote mawili huwekwa kwenye kava moja. Hayawezi kukaa pamoja. Mionzi ya simu na mtandao wa simu ni kitu kimoja: mawimbi yaleyale. Kinachoyazuia kweli kinakata mtandao, na simu hujibu kwa kuongeza nguvu ya kurusha, betri ikaisha upesi.

Yapo pia makava yenye antena ndani yasiyotumia umeme. Hayo yanaweza kuelekeza mawimbi upande usio na mkono au kichwa, na yakisanifiwa kwa modeli moja ya simu huenda yakasaidia kidogo. Lakini hayawezi kuleta nguvu ambayo haikufika. Kikuza mawimbi halisi huhitaji umeme, antena ya nje iliyo juu na waya wa kuingia ndani. Kifaa hicho kinahitaji idhini ya mdhibiti, TCRA kwa Tanzania na Mamlaka ya Mawasiliano kwa Kenya, kwa sababu kikifungwa vibaya hurusha kelele kwenye mnara na kuharibia mtaa mzima.

Tatizo liko juu ya paa na nje ya kijiji

Mfikirie wakala wa fedha kwa simu ndani ya kibanda cha bati. Bati hurudisha mawimbi, na muamala unapogoma mteja huvuka barabara kwa wakala mwingine. Kwake yeye, kusogeza meza karibu na mlango kunafaa kuliko kava lolote, na kama ana mtaji, kikuza mawimbi kilichoidhinishwa. Mwenye intaneti ya waya anaweza kupiga simu kupitia Wi-Fi pale kampuni yake inaporuhusu.

Vijijini, umbali ndio hukumu. Mnara hugharimu fedha nyingi, hula dizeli pasipo na gridi, na wateja ni wachache. Ndiyo maana kampuni za simu zilianza kuuza minara yao: Vodacom Tanzania iliiuzia kampuni ya minara ya Helios Towers mwaka 2013, na Airtel ikatangaza kuuza ya kwake mwaka 2021, ili mnara mmoja ubebe mitandao kadhaa na gharama igawanywe. Pale ambapo hata hesabu hiyo haikubali, Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote wa Tanzania hutoa ruzuku. Mei 2023 ulisaini mikataba ya minara 758 katika kata 713. Huko ndiko desibeli zinakotoka.

Kwa hiyo dai la kuongeza mtandao lisiachwe kama maneno ya kawaida ya sokoni. Tanzania ina Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inayokataza kumpotosha mlaji. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Mlaji ya mwaka 2012. Anayeandika dai hilo kwenye boksi atakiwe kuonyesha vipimo: simu gani, masafa gani, desibeli ngapi. Akishindwa, alifute. Waagizaji wa jumla ndio wa kubanwa kwanza, kwani muuza rejareja husoma tu kilichochapwa kiwandani.

Mnunuzi naye anunue kava kwa kazi yake halali, kuikinga simu isipasuke ikianguka. Kazi hiyo inalifanya listahili bei yake. Hela ya mtandao aiweke akiba, na malalamiko ya mtandao ayapeleke kwa kampuni ya simu anayoilipa kila siku, na ikikaa kimya, kwa mdhibiti.