Ukibadilishiwa dawa ya saratani ya damu, usidhani mwisho umefika

Tuseme una miaka 24. Uko mwaka wa mwisho chuoni, ama ndio umeanza kazi, na kwa mwaka mmoja na nusu sasa umekuwa ukimeza tembe yako kila jioni baada ya chakula. Umeizoea. Nyumbani hawakuulizi tena. Kisha siku ya kliniki daktari anaangalia karatasi ya maabara, ananyamaza kidogo, halafu anakwambia: "Itabidi tukubadilishie dawa."

Hapo ndipo wengi huchanganyikiwa. Kuna wale hutoka kwa daktari wakiamini dawa "imekataa" na kilichobaki ni kuaga. Kuna wale huacha ile ya zamani na wasianze mpya, wakisema watafikiria kwanza. Makala haya ni yako wewe, ama ya ndugu yako, ama ya yule rafiki mnayeishi naye bweni moja, aliyeambiwa ana saratani ya damu inayojulikana kwa kifupi kama CML.

Kwanza tutenganishe mambo, maana saratani ya damu si moja. Bob Collymore, aliyekuwa mkuu wa Safaricom, alifariki Julai 1, 2019 kutokana na AML, aina inayokuja kwa kasi. CML huenda polepole. Mtu anaweza kukaa nayo miezi mingi akidhani ni uchovu tu wa kazi, ama kujikuta anatoka jasho usiku, anapungua uzani, na anahisi ameshiba baada ya vijiko vitatu vya chakula kwa sababu wengu umevimba upande wa kushoto wa tumbo. Ulaya na Marekani ni ugonjwa wa watu wa miaka sitini na kitu. Kwetu Afrika wengi hugunduliwa wakiwa na umri mdogo zaidi, na ndiyo sababu linakuhusu wewe unayesoma ukurasa huu. Kareem Abdul-Jabbar, yule gwiji wa mpira wa vikapu Marekani, alitangaza mwaka wa 2009 kwamba ana CML. Miaka mingi baadaye alikuwa bado anaandika vitabu.

Ni nini kinachotokea mwilini? Mwaka wa 1960 watafiti wawili katika mji wa Philadelphia, Peter Nowell na David Hungerford, waliona kromosomu moja fupi isiyo ya kawaida kwenye damu ya wagonjwa hawa. Mwaka wa 1973 Janet Rowley akaonyesha kwamba kromosomu ya 9 na ya 22 huwa zimebadilishana vipande. Pale zinapounganika ndipo panazaliwa jeni iitwayo BCR-ABL, nayo hutoa protini inayouamuru uboho utengeneze seli nyeupe bila kukoma, kama mfereji uliovunjika koki. Haurithi ugonjwa huu kwa wazazi, wala humwambukizi mtu.

Imatinibu, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Glivec, iliidhinishwa Marekani Mei 2001. Kazi yake ni kuifunga hiyo koki. Katika utafiti mkubwa wa kimataifa ulioilinganisha na tiba ya zamani, takriban asilimia 83 ya walioanzishiwa imatinibu walikuwa hai baada ya miaka 10. Lakini kuna upande wa pili wa hesabu hiyo ambao watu hawausemi sana: chini kidogo ya nusu yao ndio waliofika mwisho wa utafiti wakiwa bado wanatumia dawa hiyo. Wengine waliiacha njiani kwa sababu tofauti tofauti. Kwa hivyo ukiambiwa ubadilishe, wewe si wa ajabu.

Sasa, daktari anajuaje kwamba dawa haitoshi? Hatazami uso wako wala uzani wako pekee. Kuna kipimo cha damu kiitwacho PCR kinachohesabu BCR-ABL iliyobaki, na majibu hutolewa kwa asilimia. Mashine ya GeneXpert, ile ambayo hapa Kenya tumeizoea kwa kupima kifua kikuu, inaweza kukifanya kipimo hiki pia. Baada ya miezi 3 ya matibabu kinachotarajiwa ni asilimia 10 kwenda chini. Miezi 6, asilimia 1. Ukitimiza mwaka, asilimia 0.1. Ukichelewa kidogo hakuna haja ya kupaniki, kipimo kitarudiwa. Lakini ukiwa bado juu ya 10 miezi 6 imeisha, ama juu ya 1 baada ya mwaka, ama ulikuwa umeshuka vizuri kisha ukaanza kupanda tena, mazungumzo ya kubadilisha dawa lazima yaanze.

Wacha nikwambie ukweli: wagonjwa wengi hawaijui nambari yao. Wanaambiwa "uko sawa, endelea", wanarudi nyumbani. Usikubali. Uliza ni ngapi, na mara ya mwisho ilikuwa ngapi. Iandike kwenye daftari ama kwenye simu pamoja na tarehe. Siku utakayohamia hospitali nyingine, karatasi hiyo itakuwa na thamani kuliko maelezo yoyote.

Kabla ya dawa kulaumiwa, daktari mzuri atakuuliza swali moja lisilopendeza: umekuwa ukimeza kweli? Usikasirike. Huko London wagonjwa 87 waliokuwa wakitumia imatinibu walifuatiliwa kwa vifuniko vya chupa vyenye kifaa cha kielektroniki kilichorekodi kila mara chupa ilipofunguliwa. Waliomeza zaidi ya asilimia 90 ya dozi zao walikuwa na uwezekano wa karibu asilimia 95 wa kufikia ile 0.1 ndani ya miaka sita. Waliomeza chini ya hapo, asilimia 28 tu. Hebu piga hesabu: asilimia 90 ni kukosa tembe tatu kwa mwezi. Tatu! Sherehe ya Ijumaa moja, safari ya ushago, na siku moja tumbo halikuwa sawa, zimeisha. Kwa hivyo kama umekuwa ukiruka, sema. Ukinyamaza utapewa dawa kali zaidi kwa tatizo ambalo halikuwa la dawa.

Kama umekuwa ukimeza sawasawa na nambari bado inapanda, huenda seli zimejibadilisha umbo na dawa haishiki tena. Kuna kipimo cha kutafuta mabadiliko hayo, na ni muhimu kifanywe kabla ya kuchagua dawa inayofuata. Mfano, kuna badiliko moja liitwalo T315I ambalo huzishinda imatinibu, dasatinibu, nilotinibu na bosutinibu zote. Aliye nalo akihamishwa kutoka moja ya hizo hadi nyingine anapotezewa muda. Yeye hutafutiwa ponatinibu, ama asiminibu iliyokuja juzijuzi.

Wengine hubadilishiwa si kwa sababu dawa imeshindwa, bali mwili umechoka nayo. Imatinibu huvimbisha macho asubuhi, hukaza misuli ya miguu usiku, huleta kichefuchefu. Halafu kuna hili ambalo vitabu vya Wazungu hulipitia haraka: inaweza kufanya ngozi nyeusi iwe nyeupe kidogo. Unakutana na watu mtaani wanakuuliza umeanza kujichubua lini. Unacheka nao, lakini unarudi nyumbani umeumia. Mwambie daktari, hata kama unaona ni jambo dogo. Mara nyingine kupunguza dozi chini ya uangalizi wake hutosha, ama kumeza dawa katikati ya mlo na glasi kubwa ya maji. Mara nyingine ni kuhama tu.

Na kuhama si kubadilisha pakiti pekee, ni kubadilisha siku yako nzima. Chukua nilotinibu, yaani Tasigna. Humezwa mara mbili kwa siku, takriban saa 12 zikipita katikati, na tumbo liwe tupu: usile saa mbili kabla na saa moja baada. Maana yake ukimeza saa kumi na mbili asubuhi, chai ni saa moja. Jioni, kitu cha mwisho kinywani ni kabla ya saa kumi, tembe saa kumi na mbili, ugali saa moja. Hata kipande cha chapati katikati hakifai, maana chakula huongeza dawa kwenye damu kupita kiasi na moyo unaweza kupiga vibaya. Ndiyo sababu kabla ya kuianza unapaswa kupimwa umeme wa moyo, na baadaye sukari na mafuta kwenye damu. Kama wewe ni bodaboda, ama una masomo ya jioni, ama unafunga Ramadhani, yaseme hayo siku ile ile dawa inapochaguliwa, si baada ya mwezi.

Dasatinibu, ama Sprycel, haina masharti hayo ya chakula. Tembe moja, basi. Ila inaweza kuleta maji kuzunguka mapafu. Ukianza kukohoa kikohozi kikavu ama kuishiwa pumzi ukipanda ngazi, usisubiri tarehe ya kliniki. Pia haipatani na dawa za kiungulia kama omeprazoli, zile unazonunua kemisti bila kuandikiwa na mtu. Bosutinibu huharisha sana wiki za mwanzo, kisha kwa wengi hutulia. Ponatinibu ina nguvu lakini inaweza kuziba mishipa ya damu, kwa hivyo sigara na presha ni mambo ya kushughulikiwa kwanza.

Dawa hizi zote hupitia ini, nazo hugombana na nyingine. Rifampisini ya kifua kikuu hupunguza nguvu yake. Balungi hufanya kinyume, huziongeza. Mitishamba nayo, hata ile ya shangazi unayempenda, itaje kwa daktari kwa jina. Ulizia pia kama umewahi kupimwa hepatitisi B, maana inaweza kuamka ukiwa kwenye matibabu haya.

Kuna kubadilishwa kwa aina nyingine ambako hakutokani na mwili kabisa. Unafika kuchukua dawa, unakuta pakiti si ile. Rangi nyingine, kampuni nyingine. Aprili 1, 2013 Mahakama ya Juu ya India ilikataa kuipa Novartis hataza ya Glivec, na viwanda vya huko vikaendelea kutengeneza imatinibu ya bei nafuu. Ukisoma kwa herufi ndogo ukaona imatinibu na miligramu zile zile, na imetoka mahali panapoaminika, dawa ni ile ile. Omba tu PCR ifanywe kwa wakati, utulie moyo. Ukinunua mwenyewe, hakikisha imesajiliwa na Bodi ya Famasia na Sumu.

Upatikanaji wenyewe una historia. Mwaka wa 2002 Novartis na shirika la Max Foundation walianzisha mpango wa kutoa Glivec bure katika nchi nyingi, Kenya ikiwemo, na kliniki yake ikawa Nairobi Hospital. Shirika la Afya Duniani liliiweka imatinibu kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka wa 2015, kisha dasatinibu na nilotinibu mwaka wa 2017. Lakini kuwa kwenye orodha si kuwa kwenye rafu. Oktoba 2024 NHIF iliondoka ikaja SHA, na mgonjwa wa saratani anajua kwamba kila mfumo ukibadilika, yeye ndiye hupigwa danadana dirishani. Kwa hivyo zikibaki tembe za wiki mbili, anza kupiga simu. Usianze kumeza siku moja na kuruka moja ili zifike mwisho wa mwezi. Ukiona zitakuishia, mwambie daktari mapema. Huenda akakuhamisha kwa muda kwenye dawa nyingine iliyopo, na hilo ni afadhali mara kumi kuliko kukaa bila.

Kwa dada zangu: dawa hizi zinaweza kumdhuru mtoto tumboni. Ukitaka mtoto, mpango huanza na daktari kabla ya mimba, na ukigundua tayari una mimba, nenda kliniki wiki hiyo hiyo. Wapo ambao hukaa kwenye sindano za interferoni kipindi hicho. Kuacha kimyakimya kwa kuogopa kugombezwa ndiko kunakopandisha ugonjwa. Na wale waliosikia kwamba watu hufika mahali wakaacha dawa kabisa, ni kweli, lakini hao ni waliokaa miaka kadhaa na nambari iliyo chini sana, tena wakaendelea kupimwa kila mara. Takriban nusu yao ugonjwa hurudi, wengi ndani ya miezi sita ya kwanza, wakaanza dawa tena.

Basi umekubali, umepewa mpya. Uliza siku kamili ya kuianza. Kama sababu ni nambari kupanda, kwa kawaida ni kesho yake tu, bila mapumziko. Kama ni madhara, huenda ukaambiwa usubiri mwili utulie kwanza. Wiki za mwanzo utapimwa damu mara kwa mara kwa sababu seli zinaweza kushuka. Homa, kutokwa na damu puani bila sababu ama kifua kuuma ni mambo ya kwenda hospitali siku hiyo hiyo. PCR itafuata baada ya miezi 3, na hapo ndipo utajua.

Zile tembe za zamani zilizobaki usimpe mgonjwa mwenzako aliyekwama, hata akikusihi, maana hujui dozi yake wala ini lake. Zipeleke kliniki, umtaje aliyekwama, wao ndio wanajua watamsaidiaje.