Kabla ya kualeza silinda, angalia kwanza imetengenezwa na nini

Mota ikianza kula mafuta na kutoa moshi wa bluu, hapa Kirungu jibu la kwanza ni lilelile: "Tuipeleke kwa turneri, aialeze." Mara nyingi jibu hilo ni sawa. Turneri anakwangua ndani ya silinda sehemu ndogo ya milimita, tunaweka pistoni kubwa kidogo na segma mpya, mota inarudi kwenye kazi. Lakini kuna silinda ambazo dawa hiyo inaziua palepale. Kwa nje hazina tofauti na zingine, na mwenye mota anajua habari hiyo wakati pesa ya turneri imekwisha kulipwa.

Silinda ya kawaida ina fonti ndani. Piki nyingi za motari wetu, kama Bajaj Boxer, zina mwili wa aluminyumu na ndani yake shemize ya fonti. Mota za mitumbwi za Yamaha Enduro ziko vilevile. Shemize hiyo ina unene wa kutosha, ndiyo maana inavumilia kualezwa, na madukani unapata pistoni zenye alama ya 0,25 au 0,50. Ikiisha kabisa, inatolewa na kuwekwa nyingine.

Silinda ya aina ya pili haina shemize. Ni aluminyumu tupu, na ndani imepakwa ngozi ya madini magumu yenye unene kama wa unywele mmoja. Zamani ngozi hiyo ilikuwa kroma, na mafundi wengi bado wanaziita zote "silinda za kroma". Siku hizi kwa kawaida ni nikeli iliyochanganywa na chembe za karbidi ya silisyumu, kitu kigumu kinachotumika pia kutengenezea mawe ya kunolea. Kwetu utaikuta kwenye tronsonezi za kupasulia mbao na kwenye piki za mashindano ya porini.

Sasa fikiri: turneri akipitisha kisu chake humo, anatoa ngozi yote kwa dakika chache. Kinachobaki ni aluminyumu laini, na pistoni nayo ni aluminyumu. Aluminyumu ikisuguana na aluminyumu kwenye moto inashikana. Mota hiyo itawaka, mwenyewe atafurahi, halafu haitafika mbali.

Kwa nini basi watu walitengeneza kitu kisichoalezwa? Sababu kubwa ni joto. Aluminyumu inapitisha joto vizuri zaidi kuliko fonti, tena ni nyepesi. Kampuni ya Mahle ya Ujerumani ilileta ngozi ya nikeli, iitwayo Nikasil, mwaka 1967, kwanza kwa ajili ya mota za Wankel. Porsche wakaichukua kwa magari yao ya mashindano, kisha wakaiweka kwenye 911 Carrera RS ya mwaka 1973. Kwa kuondoa nafasi iliyoliwa na fonti, waliweza kupanua tundu la silinda kutoka milimita 84 hadi 90 bila kubadilisha mwendo wa pistoni. Mota ya lita 2,4 ikawa ya 2,7.

Magari ya ukoo huo yalifika mpaka upande wetu wa Afrika. Kwenye Safari Rally ya 1978 kule Kenya, Porsche walileta 911 SC. Jean-Pierre Nicolas alishinda na Peugeot 504, lakini Vic Preston Jr alikuwa wa pili na Björn Waldegård wa nne, wote wawili kwa Porsche. Mpaka leo 911 za zamani zinakimbia East African Safari Classic, na Waldegård mwenyewe alishinda mashindano hayo mwaka 2011 akiwa na 911. Mota za namna hiyo zikichoka, silinda zake sita zinatolewa moja moja na kurudishiwa ngozi mpya.

Kazi hiyo si ya gereji. Silinda inaoshwa na kupimwa, halafu ngozi ya zamani inatolewa kwa dawa. Palipochimbika panajazwa kwa kusoda aluminyumu, kisha tundu linanyooshwa. Baada ya hapo silinda inaandaliwa kwa dawa nyingine, kwa sababu nikeli haikubali kushika aluminyumu hivihivi, na inaingizwa kwenye bafu la maji ya nikeli ambamo chembe zile ngumu zinaelea. Umeme unapitishwa, nikeli inajijenga ukutani polepole na kuzibeba chembe. Mwisho tundu linasuguliwa kwa mawe ya almasi mpaka lilingane na pistoni, na mistari myembamba inayokatana inaachwa ili mafuta yapate pa kukaa. Mtu akikuambia atakurudishia kroma leo mchana, muulize bafu lake liko wapi.

Kwa mwenye Porsche ya mkusanyo, kutuma silinda sita Ulaya kuna maana. Kwa tronsonezi hakuna maana: nunua silinda mpya pamoja na pistoni yake. Ila usitupe ya zamani kabla ya kuiangalia vizuri, maana hapo ndipo watu wetu wanapoteza pesa.

Kujua ni aina gani, shika sumaku ndani ya tundu. Fonti inaivuta kwa nguvu. Ngozi ya nikeli inavuta kidogo sana au haivuti kabisa. Angalia pia mdomo wa chini wa silinda: shemize inaonyesha duara la rangi tofauti, aluminyumu iliyopakwa haina duara hilo.

Tuseme tronsonezi imegripa kwa sababu mtu alisahau kuchanganya mafuta kwenye esansi. Ukutani unaona michirizi, unasema silinda imekufa. Mara nyingi michirizi hiyo ni aluminyumu ya pistoni iliyobaki imebandika juu ya ngozi, na ngozi chini yake ni nzima. Soda kali, ileile wanayotengenezea sabuni, inakula aluminyumu na kuiacha nikeli. Unapaka kidogo kwa pamba iliyofungwa kwenye kijiti, juu ya michirizi tu, unaacha itoe povu, unafuta, unarudia, halafu unasuuza kwa maji mengi na kupaka mafuta. Fanya nje, mbali na moto na sigara, kwa sababu hewa inayotoka inawaka. Vaa glovu na ulinde macho. Soda ikiingia jichoni si mchezo. Na kama kucha inanasa kwenye shimo ambapo ngozi imetoka, acha: soda itakula silinda yenyewe. Hiyo ndiyo imekufa kweli.

Ngozi hizi zina adui mwingine, salfa ya kwenye esansi. Miaka ya 1990 BMW na Jaguar walilazimika kubadilisha mota nyingi za Nikasil huko Uingereza na Marekani, kwa kuwa esansi yenye salfa nyingi iliharibu kuta za silinda, hasa kwa magari ya safari fupi ambayo mota haipati moto wa kutosha. Esansi ya chupa za kadhafi hakuna anayeipima. Mwenye mota ya aina hii asiizime kila baada ya dakika mbili. Aiache ipate moto.

Na filta ya hewa ioshwe. Vumbi la barabara zetu mwezi wa nane linakula segma na pistoni hata kama ukuta ni wa nikeli.