Maumivu Sugu ya Neva ya Trijemina: Utambuzi kwa Masimulizi ya Mgonjwa na Misingi ya Tiba

Makala haya yanafafanua maumivu ya neva ya trijemina, ambayo mara nyingi hudhaniwa kuwa maumivu ya jino. Hoja yake kuu ni kwamba utambuzi wa maradhi haya hutegemea maneno ya mgonjwa kuliko kipimo chochote, na kwamba katika Kiswahili maneno hayo yanahitaji kudadisiwa kabla jino halijang'olewa.

Istilahi zinahitaji kutenganishwa mapema. Jina "neva ya uso" ni la neva ya saba kati ya zile zitokazo kwenye ubongo, nayo huendesha misuli ya uso. Ikidhoofika, uso hupinda upande mmoja. Trijemina ni neva ya tano, na kazi yake kubwa ni hisi. Tawi lake la kwanza huhudumia paji la uso na jicho, la pili shavu na taya la juu, la tatu taya la chini. Maumivu hupiga zaidi tawi la pili na la tatu, yaani palepale yalipo meno. Kosa la utambuzi huanzia hapo.

Kwa wagonjwa wengi, mshipa wa damu huugandamiza mzizi wa neva karibu na mahali unapoingia kwenye shina la ubongo. Mapigo ya mshipa huo huchakaza mielini, utando unaozihami nyuzi za neva. Nyuzi zilizovuliwa utando huamshana: ishara ya mguso mwepesi huruka na kuziamsha nyuzi za maumivu. Ndiyo maana upepo, mswaki, wembe, tonge la ugali au hata maongezi huweza kuzua shambulio. Shambulio hudumu kuanzia chini ya sekunde moja hadi dakika 2, kisha hukoma ghafla. Hupatwa zaidi watu waliozidi umri wa miaka 50, wanawake kuliko wanaume.

Mwaka 1773, tabibu John Fothergill wa London aliyaeleza maradhi haya kwa kusikiliza wagonjwa tu, zaidi ya karne moja kabla ya kugunduliwa kwa eksirei. Njia hiyo haijapitwa na wakati, ila katika Kiswahili ina vikwazo vyake. Mgonjwa asemapo "jino linaniuma" amekwisha kutaja mahali na chanzo kwa pamoja, na mhudumu hubaki akitafuta jino bovu. Likikosekana, huweza kung'olewa lililo zima. Maumivu yakiendelea, likafuata la jirani.

Kitenzi "kuchoma" kinatatanisha zaidi, kwa kuwa kina maana ya kudunga kwa kitu chenye ncha na pia ya kuunguza kwa moto. Kudungwa kwa ghafla huashiria trijemina. Kuungua kusikokoma, hasa baada ya malengelenge ya mkanda wa jeshi, huashiria neva iliyojeruhiwa kwa njia nyingine, na dawa zake ni tofauti. Maumivu yanayopwita kwa saa nyingi na kuzidi kwa kinywaji cha moto au baridi ndiyo ya jino. Hata neno "kipandauso", ambalo ni aina ya maumivu ya kichwa, huweza kumpotosha msikilizaji kwa umbo lake. Kwa hiyo swali "inauma vipi?" halitoshi. Linalofaa ni: inachoma kama sindano au kama kaa la moto? Inadumu muda gani? Ukinawa uso inakuwaje? Anayejibu kwamba hupigwa kama shoti ya umeme, na kwamba haoshi upande mmoja wa uso kwa hofu, ametoa ushahidi ambao picha ya jino haiwezi kuutoa. Kipimo cha MRI hufuata ili kuondoa shaka ya uvimbe au maradhi mengine ya ubongo, hasa kwa mgonjwa kijana au anayeumwa pande zote mbili.

Parasetamoli na hata mofini hazisaidii sana. Dawa ya kwanza ni kabamazepini, dawa ya kifafa ambayo Blom wa Uswidi aliripoti manufaa yake kwa maradhi haya mwaka 1962. Huanzwa kwa miligramu 100 hadi 200 mara mbili kwa siku, kisha hupandishwa polepole. Huleta usingizi na kizunguzungu, huweza kushusha sodiamu katika damu, na upele wowote hudai ushauri wa daktari upesi. Kwa Afrika Mashariki kuna tahadhari isiyosisitizwa vya kutosha: dawa hii hulichochea ini kuvunja dawa nyingine, zikiwemo dolutegraviri ya VVU, dawa mseto ya malaria na vidonge vya uzazi wa mpango.

Dawa zikishindwa, upasuaji wa kuutenganisha mshipa na neva, ulioendelezwa na Peter Jannetta kuanzia miaka ya 1960, ndio wenye nafuu ya kudumu zaidi, ingawa huhitaji kufungua fuvu. Kwa asiyeuhimili, neva huweza kuunguzwa kwa sindano ipitayo shavuni. Gharama yake ni ganzi. Ikifikia tawi la kwanza, konea hupoteza hisi, na mgonjwa hana budi kufundishwa kulikagua jicho lake kila siku kwenye kioo, kwa sababu kidonda chake hakitamuuma.