Mstari Mwekundu Unaotambua Mafua

Baridi ya Julai ikiingia, mtaa wetu wa Woodley, Nairobi, wote hukohoa. Kutoka nyumba za mtaa hadi vibanda vya soko la Toi, wengi hupitia kemisti, wakanunua antibiotiki na kurudi kazini. Dawa hizo huua bakteria. Virusi vya mafua haviguswi nazo hata kidogo. Kila kidonge kinachomezwa bure huwazoesha dawa bakteria waliomo mwilini. Jambo hili linaniuma, kwa sababu njia ya kujua tunaugua nini ipo.

Njia hiyo ni kipimo kinachotumia kingamwili, yaani protini za kinga, zinazotengenezwa maabara. Mwaka 1975, huko Cambridge, Georges Köhler na César Milstein waliunganisha seli ya kinga ya panya na seli ya saratani. Ya kwanza hutoa kingamwili ya aina moja tu, lakini hufa upesi. Ya pili huzaliana bila kukoma. Ikapatikana seli moja yenye sifa zote mbili. Hawakuiwekea hataza, na mwaka 1984 walipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Niels Jerne.

Kwa kingamwili za namna hiyo, vipimo vingi vya haraka vya mafua huwinda nyukleoprotini, protini inayoshikilia jeni ndani ya kirusi. Protini zake za nje kirusi huzibadilisha kila mara, kama mtu anayebadili mitumba ya Toi, ndiyo maana chanjo nayo hurekebishwa kila mwaka. Hii ya ndani hubadilika kidogo sana.

Kijiti cha pamba huingizwa puani hadi machozi yakulengelenge, kisha huchovywa kwenye maji yanayopasua virusi. Matone machache hudondoshwa kwenye ukanda. Yanaposambaa hukutana na kingamwili zilizobebeshwa chembe ndogo mno, mara nyingi za dhahabu. Protini ikiwepo, hunaswa na kusafiri nazo hadi kwenye kingamwili nyingine zilizogandishwa mbele. Hapo zote hukwama, chembe zikarundikana, na baada ya kama robo saa mstari mwekundu hujitokeza.

Ukitokea, aghalabu ni mafua kweli. Usipotokea, usijipe uhakika: kipimo hiki huwakosa wagonjwa wengi, hasa baada ya siku tatu nne, virusi vikishapungua. Kipimo cha PCR, kinachotafuta jeni za kirusi, ni makini zaidi, nacho ndicho watafiti wa taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, KEMRI, na wa CDC ya Marekani wametumia hapo jirani Kibera, wakifuatilia familia za vijiji vya Gatwekera na Soweto kupitia Kliniki ya Tabitha. Ufuatiliaji nchini Kenya umeonyesha kwamba mafua huzunguka karibu mwaka mzima, na watoto wa chini ya miaka mitano hulazwa kwa wingi.

Basi homa na kikohozi vikikushika ghafla, wahi kliniki na uulize kama wana kipimo cha mafua kabla ya kulipia antibiotiki. Lakini mtoto akipumua kwa shida, au mgonjwa akiwa mjamzito au mwenye pumu, usingoje mstari wowote, mpeleke hospitali.