Teksi Inapokomea

Kutoka Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Abeid Amani Karume, pale Kisauni, Unguja, hadi ukingoni mwa Mji Mkongwe ni kama kilomita 7. Gari linapita Kiembesamaki, Mazizini na Kilimani, kisha linatokea Mnazi Mmoja. Barabara ikiwa nyeupe, robo saa inatosha. Jioni watu wanapotoka kazini, au alasiri ya Ramadhani kila mtu anapowahi kufuturu, muda huo huongezeka maradufu. Safari yenyewe, basi, si ndefu wala haina ugumu, na bado wageni wengi huimaliza wakiwa wamenuna, na dereva naye amenuna.

Kwa maoni yangu, chanzo cha ugomvi si bei. Abiria na dereva hukubaliana juu ya kitu ambacho kila mmoja anakifahamu kivyake. Abiria amenunua safari ya kufika hotelini, na dereva ameuza safari ya kufika pale gari linapokomea. Katikati ya vituo hivyo viwili kuna mita mia mbili, mia tatu za vichochoro, giza la magharibi, mabegi mawili na mtoto aliyelala. Hakuna aliyezitaja wakati wa kupatana.

Gari linakomea njiani kwa sababu ya mji wenyewe. Nyumba nyingi za Mji Mkongwe ni za karne ya 19, na njia zake zilipimwa kwa mtu, punda na mchukuzi mwenye mzigo kichwani. Kuta zimesogeleana ili ziwekeane kivuli. Ukitoka Darajani saa saba mchana ukaingia Mkunazini, utauona mwili unavyopata nafuu. Wembamba huo ni sehemu ya ule urithi ambao UNESCO iliuingiza katika orodha ya dunia mwaka 2000, na atakayetaka kuupanua ili teksi ipite atakuwa ameubomoa mji ili aufikie. Vyombo vya moto vilijaribiwa humo zamani: kati ya 1905 na 1928 kulikuwa na reli ya Bububu, iliyoanzia karibu na Ngome Kongwe, na treni ilipita ikikaribia kugusa milango ya watu.

Leo gari lina njia chache. Barabara ya Benjamin Mkapa, ambayo wazee bado wanaiita Creek Road, inapita upande wa Darajani na kuutenga Mji Mkongwe na Ng'ambo. Mizingani inafuata bahari kutoka Malindi hadi Forodhani. Barabara ya Kenyatta inaingia upande wa Vuga na kushuka Shangani. Zipo nyingine fupi, lakini ukizijua hizo tatu umeshaelewa kwa nini hoteli mbili zilizo jirani kwenye ramani huwa mbali sana kwa mwenye mizigo. Park Hyatt, Serena na Tembo ziko Shangani, na gari linazifikia. Emerson Spice iko ndani Kiponda, na Emerson on Hurumzi iko katika mtaa wa jina hilo hilo. Huko utafika kwa miguu, uwe na pesa kiasi gani.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa dereva lisiwe "Bei gani?" Liwe, "Kaka, gari lako litaniacha wapi, na kutoka hapo nani atanipeleka?" Dereva anayeujua mji atakujibu mara moja: nitakushusha Forodhani, au mbele ya soko la Darajani, hoteli wamtume kijana aje akupokee. Akisema "tutafika tu, usijali," simama hapo mpaka ataje mahali. Pakishatajwa, ulizia mzigo. Wapo wachukuzi wenye mikokoteni wanaojua kila kona, na malipo yao ni halali kabisa, ila yanapaswa kusemwa kabla begi halijanyanyuliwa.

Hapo ndipo papasi, wale wanaojipa kazi ya kuongoza wageni, wanapopata nafasi. Mgeni aliyeshushwa kwenye mdomo wa kichochoro, hajui kulia wala kushoto, humfuata yeyote anayemwambia "nakujua unakokwenda." Wengine ni watu wema wanaotafuta riziki. Wengine watampeleka hoteli nyingine kwanza, kwa sababu huko kuna kamisheni, na watamwambia ile yake imejaa. Simu moja hotelini ukiwa bado uwanjani inamaliza hadithi hiyo. Chukua na jina la mtaa pamoja na alama iliyo karibu, msikiti au baraza inayojulikana, maana humo watu huelekezana kwa alama kuliko kwa namba za nyumba.

Sasa tuje kwenye bei. Teksi za Unguja hazina mita, na bei ni ya maelewano. Mtu wa Dar es Salaam au Mombasa huona kilomita 7 akashangaa kiwango anachotajiwa. Lakini dereva wa uwanjani hauzi kilomita tu. Anauza saa alizongoja ndege iliyochelewa, mafuta ya kurudi bila abiria, na usiku wake kama umetua saa saba usiku. Nawatetea katika hilo. Nisichokitetea ni bei inayopanda kwa kuangalia uso wa abiria: moja kwa Mzungu, nyingine kwa mgeni wa Muscat, nyingine kwa ndugu wa Tanga, gari lile lile na njia ile ile.

Miji mingine imelitatua tatizo hilo. Paris, tangu Machi 2016, nauli ya teksi kutoka uwanja wa Charles de Gaulle imepangwa kisheria kwa kiwango kimoja, ikitofautiana tu kwa upande wa mto Seine unaokwenda. New York nayo ina nauli moja ya kutoka uwanja wa JFK hadi Manhattan. Kwetu kazi ni nyepesi zaidi, kwa kuwa ncha za safari zinahesabika. Ubao mmoja kwenye jengo la tatu la abiria, na mwingine kwenye majengo ya zamani yanayotumiwa na ndege za ndani, uandike nauli kwa shilingi hadi Mnazi Mmoja, Darajani, Malindi, Forodhani na Shangani, ya mchana na ya usiku. Chini yake iwekwe ramani ya Mji Mkongwe yenye mitaa iliyopakwa rangi kulingana na kituo kilicho karibu nayo. Kiponda ina rangi ya Darajani au ya Malindi, na mgeni ameshajua kwamba ana mwendo wa miguu kabla hajafungua mlango wa gari.

Shilingi nimeitaja kwa makusudi. Mazoea ya kutaja bei ya teksi kwa dola ni ya miaka mingi, ila kanuni zilizotolewa nchini Machi 2025 zimekataza kupanga bei na kupokea malipo ya huduma za ndani kwa fedha za kigeni. Badilisha kiasi kidogo uwanjani, na hakikisha una noti ndogo.

Asiye na mzigo mzito ana daladala namba 505, inayounganisha uwanja na mjini kwa nauli ndogo sana ukiilinganisha na teksi. Ukiwa na begi la mgongoni, usiogope. Ukiwa na sanduku kubwa, utawabana wenzako.

Ubao ninaousema hauwezi kuandikwa na taasisi moja. Mamlaka ya Viwanja vya Ndege inasimamia mlango wa kutokea, Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe inasimamia vichochoro, na madereva ndio wanaojua gharama. Wenye hoteli za ndani waanze hata kabla ya kikao: kila anayeweka nafasi ya chumba atumiwe jina la kituo atakaposhushwa, saa atakayopokelewa, na kiasi cha kumlipa mchukuzi.