Uhuru wa Nchi na Uhuru wa Mtu: Habari za Kariakoo na Msimbazi

Atakaye kuijua habari ya jinsi mtu mweusi wa Tanganyika alivyojitoa katika mamlaka ya serikali ya kigeni, haifai aanzie kwenye kumbi za Umoja wa Mataifa, bali na aanzie Kariakoo, jijini Dar es Salaam, katika mitaa inayopakana na barabara ya Msimbazi. Kwani huko ndiko Mwingereza alikowatenga Waafrika, mbali na Uzunguni na Uhindini, na huko ndiko asiyekuwa na stakabadhi ya kodi wala kazi inayojulikana alikoweza kukamatwa njiani, akaitwa mhuni, akarudishwa kwao kwa nguvu.

Chama cha kuwasemea watu hao, African Association, kiliasisiwa mwaka 1929, kikajenga nyumba yake katika New Street, mtaa uitwao leo Lumumba, na humo ndimo kilimozaliwa chama kilichokirithi, TANU, tarehe 7 Julai 1954. Lakini mwaka uliotangulia serikali ilikuwa imetoa waraka wa kuwakataza watumishi wake kuwa wanachama wa vyama vya siasa, na waraka huo, kwa maoni yangu, unatufunza zaidi ya hotuba nyingi: karani na mwalimu walikuwa na elimu na ufasaha, ila riziki yao ilikuwa mkononi mwa yule yule waliyetaka aondoke. Julius Nyerere mwenyewe hakuweza kuuchanganya ualimu wa shule ya Pugu na uongozi wa TANU, akaiacha kazi mwaka 1955.

Basi mzigo ukawaangukia wale ambao serikali haikuwa na mshahara wa kuwanyima, yaani wachuuzi wa sokoni, wenye nyumba za kupangisha, na wanawake waliokaanga maandazi vibarazani. Miongoni mwao alikuwamo Bibi Titi Mohamed, mwimbaji wa kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba, mtu asiye na elimu kubwa ya skuli, ambaye kadi yake ya TANU ilikuwa namba 16. Hakusubiri wanawake waje ofisini. Aliwaendea viongozi wa vikundi vya ngoma, ambao tangu zamani walikuwa na michango yao, vyeo vyao na utii wao, na kwa njia hiyo akawaingiza chamani kwa maelfu, ilhali wasomi wengi wangali wanauogopa waraka. (Wanaosema siasa ni elimu ya darasani na waizingatie habari hii.)

Uhuru ukapatikana tarehe 9 Desemba 1961, na Dar es Salaam ikawa makao ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika, ikiwapokea wapigania uhuru wa Msumbiji, Afrika Kusini na kwingineko. Lakini tangu mwaka 1962 ilikuwapo sheria iliyomruhusu Rais kumweka mtu kizuizini pasipo kumfikisha mahakamani. Na Azimio la Arusha la mwaka 1967, pamoja na mema yake, liliwakataza viongozi kumiliki nyumba za kupangisha. Bibi Titi alikuwa nazo, na hakukubali kwamba jasho lake ni dhambi, akajiuzulu uongozi. Mwaka 1969 alikamatwa kwa tuhuma ya uhaini, akahukumiwa kifungo cha maisha, kisha akaachiliwa kwa msamaha wa Rais mwaka 1972. Sina la kuamua juu ya hukumu ile. Lakini ugomvi wa nyumba ulionyesha kwamba riziki isiyotoka serikalini, iliyokuwa silaha dhidi ya Mwingereza, sasa ilitazamwa kwa shaka na watawala wenyeji.

Shaka hiyo iliwafikia hata wachuuzi wadogo. Mwaka 1983 ilipitishwa sheria ya Nguvu Kazi, na kwa mara nyingine mtu wa Kariakoo akatakiwa athibitishe njiani kwamba ana kazi, la sivyo apelekwe shamba. Safari hii mwenye kumuuliza alikuwa ndugu yake. Mwaka uliofuata haki za mtu ziliingizwa katika Katiba, ila haikuwezekana kuzidai mahakamani mpaka mwaka 1988.